Siku Niliyoamua Kuendesha Tu

Watu wakisikia kwamba nilikuwa dereva wa lori kabla ya kuingia katika mambo haya ya kalamu, huniuliza habari za barabara: kona, milima, matope, trafiki. Hakuna hata mmoja anayeniuliza habari za kukaa. Basi leo nawaambia bila kuulizwa. Udereva wa lori kule kwetu Njombe, miaka ile soko huria lilipofunguliwa, ulikuwa ni kupakia, kushusha, kufunga turubai, kuziba pancha, kusalimia ukoo mzima na kukaa kusubiri. Kuendesha kulikuwa ndiyo mapumziko.

Enzi zile tuliziita za ruksa. Mahindi ambayo zamani ulitakiwa kuyapeleka kwenye chama cha ushirika tu, sasa yakawa ya yeyote mwenye magunia na ulimi mtamu. Makambako ikajaa wageni: Mkinga ana duka, Mpare ana ghala, Mrangi ana lori. Huyo Mrangi mwenye lori ndiye aliyekuwa tajiri wangu. Sisi madereva kila mwenye gari tunamwita tajiri, hata kama kandambili zake zimeshonwa kwa waya. Huyu wangu zake zilishonwa kwa waya. Alikuja na mkewe kutoka Kondoa, akauza mitumba, akauza mafuta ya taa, mwisho akanunua lori ambalo lilikuwa limeshachoka kabla yeye hajalijua. Alikuwa mtu wa swala tano, mcheshi, mwaminifu, na mbishi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, ukiniondoa mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Napakia chumvi, sabuni, mbolea na mabati Makambako. Napita Njombe mjini, nakata kwenda Lupembe, naacha mashamba ya chai nyuma, mpaka kwenye kijiji kimoja kule mbele ambako barabara yenyewe inakata tamaa. Nashusha bidhaa, halafu nasubiri watu walete mahindi na maharage. Hapo kwenye kusubiri ndipo palipokuwa na shughuli. Huyu hajapukuchua, yule anamsubiri shemeji yake, mwingine gunia lake limeliwa na panya anashona. Mvua ikinyesha, ndiyo kabisa. Unakaa leo, unakaa kesho, keshokutwa bado unahesabu kuku wa watu.

Zamani tulikuwa na utingo, baba mmoja wa makamo mwenye mabega. Akaacha kazi akaenda kufungua kilabu cha komoni, ile pombe ya kienyeji. Tajiri akasema gari lenyewe dogo, mtu wa pili wa nini? Basi utingo nikawa mimi, mlinzi nikawa mimi, fundi mimi, karani wa mzani mimi. Na tajiri alikuwa analipa kwa tripu. Gari likitembea, una chako. Likisimama, huna.

Nisingesema kitu, maana hata mimi kile kijiji nilikipenda, lakini mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Mjimwema, mvua ikinyesha tunasogeza kitanda. Mwenye magari makubwa ya kwenda Zambia na Kongo alikuwa amenitumia ujumbe: njoo mwisho wa mwezi, kwangu unalipwa hata ukilala mpakani. Hesabu ilikuwa wazi. Tajiri akikubali kunilipa siku za kukaa, nabaki kwenye barabara ya Lupembe na kila safari napita nyumbani. Akikataa, naenda Kongo.

"Uende Kongo," mke wangu aliniambia, "mtoto akuone kwenye picha. Nitamfundisha aseme shikamoo picha."

Aliposema hivyo alicheka, lakini usiku ule hakula.

Basi asubuhi moja nikamkabili tajiri uani kwake Makambako, wabeba mizigo wakiwa wanapakia. Alikuwa amekaa juu ya gunia la chumvi anakula muhogo wa kuchoma.

"Tajiri," nikasema, "safari iliyopita nimekaa kule tangu Jumanne mpaka Ijumaa. Nimelala kwenye kiti, nimelinda mali yako, nimefunga turubai peke yangu mvua inanipiga. Mbona hizo siku sizioni?"

"Uliendesha kwenda?"

"Niliendesha."

"Nikakulipa. Uliendesha kurudi?"

"Niliendesha, lakini..."

"Nikakulipa. Sasa unadai nini? Gari lenyewe likisimama halinywi dizeli. Wewe ukisimama unataka unywe nini?"

Wabeba mizigo wakaangua kicheko. Mmoja aliweka gunia chini ili acheke vizuri. Mimi na hasira zangu, damu ikapanda mpaka masikioni.

"Kwa hiyo unanilipa kuendesha tu?"

"Kuendesha tu."

"Basi kuanzia leo naendesha tu. Sishuki, sibebi, sifungi, sipimi, siongei na mtu. Nafika, nazima, nakaa."

"Hewala, bwana," akasema akimenya muhogo wake. "Ila gari lirudi na mahindi."

Nikang'oa gari pale kwa kishindo. Njia nzima mpaka Njombe nilikuwa nagombana naye peke yangu, natoa hoja, namjibu, namshinda. Mjimwema nikasimama kumweleza mke wangu mpango. Alinisikiliza akiwa anachambua maharage, akauliza swali moja tu.

"Na ukibanwa na haja?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamwambia asiniharibie mgomo, nikaondoka.

Nilifika kijijini mchana. Siku zote nikifika, injini haijanyamaza vizuri nimesharuka chini. Salamu za kwetu, kamwene huku, kamwene kule, hujambo bibi, mguu unaendeleaje. Natoa barua nilizochomeka juu ya kioo, natoa dawa za huyu, miwani ya yule, jembe la mwingine lililopelekwa kuchomelewa. Nasoma barua kwa wasiojua kusoma. Naulizwa bei ya mabati, naulizwa kama kweli sukari imepanda. Leo hii nikazima injini, nikafunga kioo, nikakunja mikono, nikatazama mbele kama nasubiri kupigwa picha ya pasipoti.

Watu walikuwa wameshaanza kukimbia kuja. Wakasimama. Kisha wakanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa na debe la maharage kichwani akalitua taratibu. Wanaume wakavua kofia. Nikawaona, nikajisemea moyoni: loo, kumbe habari za mgomo wangu zimenitangulia! Kumbe watu hawa wanajua haki ya mfanyakazi! Nilijisikia raha, acha tu.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe, kwa hasira, lilikuwa limenitoka kabisa. Simu kule hazikuwepo. Mtu wa kijiji akifia hospitalini au mjini, habari ililetwa na dereva. Na sisi madereva wa barabara ile tulikuwa na desturi yetu, tuliyoirithi kwa waliotutangulia: ukiwa na habari ya kifo, hushuki garini. Kwa sababu ukishuka utasalimiwa, na ukisalimiwa utaulizwa habari za huko, na kule kwetu huwezi kuulizwa habari usiseme nzuri. Utasemaje nzuri na mtu amekufa? Basi unazima gari, unakaa ndani kimya, mpaka balozi wa nyumba kumi apande akusikilize. Yeye ndiye anayejua habari ile aipelekeje kwa wenyewe. Watoto wadogo wa kijiji kile walikuwa hawajui kusoma, lakini dereva aliyekaa garini walikuwa wanamjua.

Balozi wa pale alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye mdomo. Mimi na yeye tulikuwa watani wakubwa. Aliniita mkwe kwa sababu alisema wajukuu wake wote wa kike ni wangu, nikichoka na yule wa Mjimwema. Siku hiyo alikuja bila utani, anajifuta mikono kwenye khanga, akapanda kwenye ngazi ya lori. Nikateremsha kioo kidogo.

"Hushuki, mwanangu?"

"Sishuki, mama."

"Jambo limetoka wapi?"

"Makambako, kwa tajiri. Mama, naomba usinisemeshe. Nikifungua mdomo nitaharibu."

Akanitazama. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa vumbi na kwa hasira. Akapenyeza mkono dirishani, akaniwekea juu ya kichwa, akauacha pale muda. Kisha akashuka.

Kilichofuata kilinishangaza mpaka nikaanza kuiamini siasa. Wanaume walikuja wenyewe, bila kelele, wakafungua turubai, wakashusha mizigo yote, wakaipanga kwenye duka la kijiji. Hakuna aliyenigombeza, hakuna aliyesema dereva njoo ushike huku. Mahindi yakaanza kuja kutoka kila nyumba. Hata yule anayemsubiri shemeji yake siku zote, leo alikuja mbio na shemeji mwenyewe. Wakapima, wakapakia, wakafunga kamba vizuri kuliko ninavyofunga mimi. Jioni nililetewa chakula palepale kwenye usukani: ugali, kuku mzima, na chai kwenye birika. Nilishuka mara moja tu, kwa lile jambo aliloliuliza mke wangu, na watu wote wakageukia upande mwingine kwa heshima. Kazi ya siku tatu nne iliisha kabla giza halijaingia. Nililala nikiwa nimeshiba, nikiota nimeitwa Dar es Salaam kuhutubia madereva.

Asubuhi nawasha gari, naona watu wanapanda juu ya magunia. Wababa, wamama, vitenge mabegani, kuku wamefungwa miguu, unga, maharage, mafungu ya kuni. Balozi ndiye aliyekuwa anawapanga. Nikadhani wanakwenda mnadani Makambako. Sikuuliza, maana nilikuwa siongei na mtu. Kupakia abiria hakukuwa kazi yangu, kukataa abiria nako si kuendesha. Nikaendesha. Nyuma kule wakaimba nyimbo za kanisani, taratibu, sauti nne, tena vizuri sana. Lori moja la majani ya chai likatupisha, dereva wake akavua kofia. Nikampungia mkono kwa furaha. Yule bwana alinitazama kama mtu aliyeona mwendawazimu.

Mjimwema nikasimama kunywa uji. Mke wangu akanipokea, akatoka nje na tumbo lake kuwasalimia wageni. Nikamsikia anaongea nao. Kisha akarudi ndani ameziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika.

"Tajiri wako amekufa lini?"

"Nani kasema?"

"Wewe. Wote kule nje wanakwenda kumzika."

Kijiko kikaniponyoka. Hapo ndipo akili iliporudi, na desturi ya madereva nayo ikarudi, na mkono wa balozi juu ya kichwa changu ukarudi. Mama yangu! Nilikuwa nimekwenda kukaa garini mbele ya kijiji kizima, kimya, macho mekundu, nasema jambo limetoka kwa tajiri. Mke wangu alikuwa ameshakaa chini anacheka huku ameshikilia tumbo.

Nikatoka mbio nikapanda gurudumu, nikashika mbao za bodi.

"Wazee wangu, wamama, sikilizeni. Tajiri hajafa!"

Wakanitazama kwa huruma. Balozi akatikisa kichwa.

"Tunaelewa, mwanangu. Mwanzoni huwa hivyo hivyo. Hata mimi, alipokufa marehemu mume wangu, nilimwekea chakula."

"Hajafa, mama! Mzima kabisa!"

"Sasa kama mzima, ulikaa garini ya nini?"

"Nilikuwa nadai posho ya kukaa."

Wakatazamana. Baba mmoja akamnong'oneza mwenzake, naye akanong'ona kwa mwingine, na nikaona wazi kwamba habari inayopita juu ya magunia yale ni kwamba uchungu umeshanipanda kichwani. Balozi akamwita mke wangu, akamwambia apande mbele akae nami, nisije nikaliangusha gari.

"Hata msingeniambia ningepanda," mke wangu akasema. "Msiba huu siukosi."

Ningefanyaje? Kuwarudisha walikuwa hawakubali. Nikaendesha. Njia yote ya Makambako jasho linanitoka na baridi yote ile, mke wangu ananiuliza kila baada ya kilima nitasema nini, na mimi sijui. Nilichokuwa najua ni kwamba kazi imekwisha. Tajiri gani atamlipa siku za kukaa dereva aliyemtangazia kifo? Nikamwambia mke wangu aanze kuizoea ile picha. Hapo aliacha kucheka, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu kwenye gia.

Tuliingia uani kwa tajiri wakati wa alasiri. Gari halijasimama vizuri, wamama wakashuka na kilio. Kilio chenyewe si cha mchezo: mikono kichwani, vitenge vinaanguka, kuku nao wanalia. Majirani wakatoka madukani. Wabeba mizigo wakaacha magunia. Na kutoka ndani, tajiri mwenyewe, kanzu mwilini, kofia mkononi, maji ya udhu bado yanadondoka kwenye viwiko, akaja anakimbia na zile kandambili zake za waya.

"Inna lillahi! Nani? Nani amekufa?"

Alipomwona mke wangu mzima, akageuka kuniangalia mimi, akaniona mzima. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka, na hajui anamlilia nani. Akamshika mkono balozi.

"Mama, pole sana. Ni nani?"

"Pole na wewe, mzee," balozi akasema akifuta machozi. "Ni mwenye lori hili. Wewe ni nduguye?"

"Mwenye lori hili ni mimi."

Wa kwanza kuelewa alikuwa mke wa tajiri. Alikuwa amesimama mlangoni na upawa, akaanza kucheka, akashika mlango, akateleza taratibu mpaka chini, upawa mkononi. Mke wangu akamfuata. Baada ya hapo ua mzima ukapasuka. Wabeba mizigo wale wale walionicheka mimi, sasa walimcheka tajiri aliyekuwa anajililia. Baba mmoja wa Lupembe alicheka mpaka akaomba maji.

Tajiri hakucheka. Alinitazama, akasema, "Wewe nitakuja kwako," akaingia ndani akaswali.

Lakini mgeni ni mgeni. Aliporudi alivaa sura nyingine, akawakaribisha watu mikeka. Kuku waliokuja kwa ajili ya matanga yake aliwachinja yeye mwenyewe, akisema bismillahi kwa kila mmoja, mkewe akapika pilau kwa maharage na kuku wale, na walioleta rambirambi wakaila wenyewe na marehemu akiwa amekaa katikati yao ananawa. Kadiri alivyokula ndivyo alivyolainika. Mwisho akaweka mkono kifuani.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi hapa ni mtu wa kuja. Sina kaka, sina shangazi. Siku zote huwa najiuliza, siku yangu ikifika, nani atanililia? Leo nimeona. Mmenililia watu msionijua."

Ilikuwa hotuba nzuri. Mkewe alikuwa anajifuta macho. Lakini yule balozi wangu alikuwa hawezi kuacha uongo upite, hata uwe mtamu namna gani.

"Mzee, tusidanganyane na tumeshakula pamoja," akasema. "Sisi hatukukulilia wewe. Wewe tukujue wapi? Tulimlilia huyu." Akaninyooshea kidole chenye mafuta. "Tulisema, tajiri wake amekufa, lori litauzwa, kijana ataondoka. Nani atatuletea dawa? Nani atasoma barua ya mwanangu wa Mufindi? Ndiyo maana unaona tumelia sana."

Nikatazama chini. Nilitaka kulia mimi, kusema kweli. Lakini tajiri alikuwa mfanyabiashara, akawa ameshashika kitu kingine.

"Ehee! Anasoma barua? Anapeleka dawa?"

"Na mguu wangu alinifunga yeye," bibi mmoja akadakia. "Na paa la kanisa alishika ngazi."

"Basi kumbe!" Tajiri akapiga paja. "Siku zile anazotaka nimlipe mimi, alikuwa anawafanyia kazi ninyi! Niwalipie ninyi fundi wa paa?"

Wabeba mizigo wakaguna. Nikaona Kongo hiyo inakuja. Mke wangu akaacha kutafuna. Lakini balozi alichukua kipande cha ndimu, akakamulia vidole vyake, wala hana haraka.

"Mzee, wanunuzi wanaokuja kijijini kwetu siku hizi ni wangapi, unajua? Wanakuja na magari mapya. Wanapiga honi, wanabaki mle ndani, wanasema leteni haraka. Wengine wanaongeza bei. Sisi tunawaambia mahindi yamekwisha, na yapo ndani yamejaa. Tunamwekea huyu anayeshuka. Unafikiri tunakuuzia kwa sababu ya uzuri wa hilo lori?"

Watu wote wakaligeukia lile lori. Hata mimi niliona aibu kwa niaba yake. Tajiri alilitazama na taa yake moja iliyofungwa kwa mpira, akatoa tasbihi mfukoni, akaanza kuivuta punje kwa punje. Nilishamzoea, akivuta tasbihi namna ile anapiga hesabu na Mungu wakiwa pamoja.

"Dereva," akasema mwishoni.

"Naam, tajiri."

"Nitakulipa siku za kukaa."

Mke wangu akanibana goti mpaka likauma.

"Lakini kwa sharti moja. Ukifika kule, nakuomba sana, usikae."

Ua ukacheka upya, na safari hii yeye alikuwa wa kwanza. Kesho yake niliwarudisha watu kwao na mabaki ya pilau kwenye masufuria. Tajiri alikuja nami, akasimama katikati ya kijiji akazungushwa kila nyumba ili watu wathibitishe. Alisalimia tangu mchana mpaka jioni. Wakati wa kurudi alilala njia nzima, mdomo wazi.

Mwisho wa mwezi yule wa magari ya Kongo alipata dereva mwingine, na mimi nikabaki barabarani kwangu, nikilipwa tripu na nikilipwa siku. Tukahama kile chumba kinachovuja. Watu wananiuliza kama kweli dereva anastahili kulipwa kwa kazi isiyokuwa usukani, nami huwajibu kwamba wakasimame Lupembe mvua ya Machi, wafunge turubai peke yao, halafu tuongee.

Mke wangu alishikwa na uchungu siku ya Jumatatu, nikiwa nimepita nyumbani na mzigo wa mbolea. Nikampeleka hospitali, nikaegesha lori pale nje, nikakaa kwenye benchi la baridi pamoja na wababa wengine. Mbolea ilikaa. Mimi nilikaa. Kukapambazuka, bado nimekaa. Habari zikafika Makambako kwamba lori limelala Njombe, na mchana tajiri akateremka kwenye basi amevimba, anatafuta mtu wa kumgombeza. Aliponiona nilivyo, sijalala, sijala, midomo imenikauka, aliacha ugomvi. Alikaa pembeni yangu, akatoa tasbihi. Tukasubiri wote.

Muuguzi alitoka jua likiwa limeshainama. Akaniambia ni msichana, na mama yake mzima, na mama yake anauliza kama nipo.

Nikasema nipo. Nikasema tena, nipo.

Tajiri akasafisha koo. "Na hizi siku mbili," akasema, "nikuhesabie za kukaa?"

"Hizi hapana, tajiri," nikamwambia. "Hizi ni zangu."

Akanyanyuka, akanishika mkono, akaniinua kwenye benchi.